Mwiko wa Sindano

Kindu, Kasuku
Jumapili, tarehe 5 Mei 2024

Kwa Yaya Claudine, huko Kama

Yaya,

Nakutumia salamu za amani, wewe na wote wanaokula nawe sahani moja. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba mkono wako wa kulia haukusumbui sana wakati wa baridi ya mvua. Huku kwetu mvua bado zinaanguka, mto Lualaba umejaa, na treni ya kutoka kusini haijafika tangu wiki ya pili ya mwezi uliopita. Mimi ni mzima wa mwili. Zaidi ya hapo siwezi kukuambia kwamba hatujambo, kwa sababu si kweli.

Ukitazama jina lililo chini, pengine mkono wako utataka kuikunja karatasi hii. Nakuomba usome kwanza hadi mwisho. Mimi ni Salama, mtoto wa mwisho wa mzee Idrissa wa reli, mdogo wake Mwanahamisi rafiki yako, niliyekuita yaya kama dada yangu mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba uliponiona mara ya mwisho. Sasa ni karani wa shule, sikuolewa, na bado ninaandika daftari langu la kila siku kama zamani. Unakumbuka Mwanahamisi alivyonicheka kwa ajili yake. Alisema nitakufa, na bado nitaamka kidogo niandike saa niliyokufa.

Namna nilivyojua uko wapi ni hii. Mkwe wetu Aboubakar anachimba dhahabu huko Kama. Mwaka jana aliangukiwa na jiwe mguuni, akafungwa kidonda na mama mmoja mwenye vidole viwili visivyokunjika. Mama yule aliposikia kwamba mgonjwa wake anatoka Kindu, alimwuliza kama nyumba ya mzee Idrissa bado ina mlango wa kijani. Aboubakar alinisimulia kama jambo la kuchekesha tu. Nikaingia chumbani nikaandika tarehe, 17 Agosti 2023, na chini yake jina lako. Nimekaa na jina hilo zaidi ya miezi minane bila kukuandikia. Sina udhuru.

Sasa nikupe habari. Mtoto wa Mwanahamisi, uliyempokea kwa mikono yako tarehe 4 Septemba 2002, wakati mji umezungukwa na hatuna chumvi wala sabuni, aliishi. Anaitwa Sofia. Nilimlea mimi kwa uji wa muhogo na maziwa ya jirani, na amekuwa mwanamke mrefu kama mama yake, mwenye kicheko kile kile cha kuinamia mbele. Huyo Aboubakar ndiye mume wake. Tarehe 3 Machi mwaka huu, Jumapili, Sofia alizaa mtoto wa kike, naye akampa jina la mama yake, Mwanahamisi. Tulikula wali siku hiyo, na kaka Soudi alilia mbele za watu.

Siku ya sita Sofia alianza kuumwa kichwa. Siku ya saba miguu yake ilivimba hata kidole kikiibonyeza kinaacha shimo. Siku hiyo, ilikuwa Jumapili tarehe 10, saa kumi za jioni, alikuwa amemshika mtoto akaniambia: “Mama mudogo, ukuta iko mweupe. Iko kama mutu amemwanga maziwa.” Ukuta wa chumba hicho, yaya, ni wa udongo mwekundu. Niliandika maneno yake kama alivyoyasema, kisha nikampeleka kupimwa tansio, ile presha ya damu. Ilikuwa kumi na tisa kwa kumi na mbili. Muuguzi alipima tena kwenye mkono wa pili, akatutuma hospitali.

Hapo lazima nikueleze jambo usilolijua, kwa sababu lilianza baada ya wewe kuondoka. Tangu mwaka 2002 nyumba ya Idrissa ina mwiko. Mwanamke aliyezaa hachomwi sindano hadi siku arobaini zitimie. Kaka Soudi ndiye aliyeuweka, wiki ya maziko ya Mwanahamisi, na wazee wakaupokea. Anayeposa kwetu huambiwa kabla ya yote. Aboubakar aliambiwa, akakubali mbele ya mashahidi. Wanawake wanne wamezaa katika nyumba hii tangu hapo, hakuna aliyeguswa na sindano, na wote wanne wakainuka wazima. Kila mmoja aliyeinuka aliuongezea mwiko nguvu.

Jumatatu tarehe 11 Machi, saa tatu kamili asubuhi, Sofia alianguka kifafa. Mwili ulikakamaa, macho yakageuka upande, damu ya ulimi ikatoka mdomoni. Daktari wetu, kijana mmoja anayeitwa Fadhili, alikuja mbio na sindano tayari mkononi. Alisema hiki ni kifafa cha uzazi, dawa yake anayo, na kila saa inayopita ina bei yake. Kaka Soudi alisimama kati yake na kitanda. Hakupiga kelele. Alisema: “Sindano hapana, daktari. Ile ndo iliua dada yangu. Unionyeshe kwanza kile iko ndani ya kichwa yake, kisha tutaongea.”

Daktari Fadhili alimjibu kwamba Kindu nzima haina mashine ya kuonyesha kilicho ndani ya kichwa, na kwamba mashine hiyo iko Kinshasa. Soudi akasema basi aende Kinshasa. Fadhili alimsihi, kisha akawasihi wajomba waliokuja nyuma ya Soudi, kisha akamtafuta Aboubakar kwa simu, lakini huko migodini simu haikushika. Mwishowe akanigeukia mimi. Aliniuliza kama mama mlezi nina neno. Niliangalia chini. Alimpa Sofia dawa zile zisizohitaji sindano, za kumeza na za kupitishia chini, na kifafa kikarudi saa nane mchana, kikarudi tena saa kumi na mbili.

Ndege ya Kinshasa iliondoka Jumanne asubuhi. Nafasi ya msindikizaji ilikuwa moja, nikaenda mimi, mtoto akabaki na wanawake wa nyumbani. Sofia alilazwa juu ya viti vitatu, haoni, haelewi, anakoroma. Tulipofika kwenye hospitali ile kubwa, daktari wa mapokezi aliweka karatasi mbele yangu akauliza kwa Kifaransa kama ninakubali achomwe sindano. Soudi alikuwa mbali. Nikatia sahihi. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba mchana, na nikiongeza saa moja ya tofauti kati ya Kinshasa na kwetu, ilikuwa saa nane ya Kindu. Kwa hiyo kati ya kifafa cha kwanza na sindano ya kwanza zilipita saa ishirini na tisa. Baada ya sindano kifafa hakikurudi. Niliandika hilo pia.

Nilidhani mabaya yamekwisha. Kumbe picha ndiyo ilituletea mabaya mengine. Jumatano walimwingiza kwenye mashine ile kubwa inayogonga kama watu wanaopigilia mabati. Madaktari wawili waliisoma picha, na hawakuona walichotarajia. Mmoja alisema ni ugonjwa wa kuambukiza ulioingia ubongoni. Wa pili alisema ni damu iliyoganda kwenye mishipa, na kwamba ndugu wa mgonjwa wa hivi wasipewe matumaini. Walianza kumpa dawa za maambukizi, na tansio ikaachwa ishuke na kupanda inavyotaka. Ndivyo ilivyokuwa hadi Ijumaa.

Ijumaa alikuja daktari mkubwa wa mambo ya kichwa, Daktari Onema, mtu wa Kibombo. Aliposikia ninavyosema alicheka kidogo, akaniamkia kwa Kiswahili cha kwetu. Aliuliza ni nini kilianza kwanza, na lini. Nilimpa daftari langu. Alisoma akiwa amesimama: kichwa tarehe 9, miguu na ukuta mweupe tarehe 10, tansio kumi na tisa kwa kumi na mbili, kifafa tarehe 11 saa tatu. Alirudia maneno yale ya maziwa mara mbili kwa sauti ndogo. Kisha aliwaita wale wawili, akaamuru dawa za maambukizi zisimamishwe, tansio ishikwe kwa nguvu zote, na mimi akanipeleka mbele ya kompyuta nione mwenyewe.

Nitakueleza kama alivyonieleza, kwa sababu wewe ni mtu wa kazi hii, na kwa sababu una haki ya kujua. Alisema tansio ikipanda ghafla kwa mwanamke aliyezaa, mishipa ya ubongo huvujisha maji. Kwa kawaida maji hayo huenda nyuma ya kichwa, pande zote mbili sawasawa, mahali panapofanya kazi ya kuona. Ndiyo maana macho huzimika. Kwenye picha yanaonekana meupe. Tansio ikishuka upesi, maji yanarudi yalikotoka na macho yanafunguka. Aliniandikia jina la ugonjwa kwa Kifaransa kwenye daftari, jina refu. Alisema jina lenyewe lina ahadi mbili, kwamba ugonjwa uko nyuma ya kichwa, na kwamba unarudi nyuma, yaani unapona. Kwa Sofia ahadi zote mbili zilivunjika. Weupe mkubwa ulikuwa mbele, upande wa paji la uso. Mwingine ulikuwa chini kabisa, kwenye shina la ubongo linaloongoza pumzi. Nyuma ulikuwa upande wa kushoto tu, na ndani yake kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya hindi. Hilo doa, alisema, ni damu.

Nilimwuliza kama wenzake walikosea. Alijibu kwamba picha ya namna hii huwapotosha hata waliosoma sana, kwa sababu ugonjwa umekaa nje ya mahali pake pa kawaida, na kwamba bila tarehe zangu hata yeye angesitasita. Nikamwuliza kwa nini kwa Sofia ulikaa hivyo. Alisema wengine huwa hivyo tangu mwanzo, na hakuna anayejua sababu. Halafu akauliza ni saa ngapi zilipita kabla ya sindano ya kwanza. Nikasema ishirini na tisa. Alisema hawezi kuapa, lakini palipovimba tu panaweza kurudi, na palipovuja damu hapatarudi, na kadiri tansio inavyoachwa juu ndivyo damu inavyopata njia.

Tarehe 5 Aprili walipiga picha ya pili. Weupe wa mbele ulikuwa umepungua nusu, wa kwenye shina umeisha. Doa la nyuma lilibaki. Tarehe 20 Aprili tulirudi Kindu. Sofia anatembea akishika ukuta. Anaongea polepole, kama mtu anayevuka maji asiyojua kina chake. Upande wa kulia haoni kitu. Upande wa kushoto anaona mwanga na vivuli. Mtoto wake anamjua kwa harufu. Kila asubuhi ananiuliza kama nje kuna jua au mawingu, kisha ananiambia yeye alidhani nini, tuone kama amepata. Siku anazopata anacheka kile kicheko cha kuinama.

Lakini kaka Soudi anasema ndiyo haya aliyoyakataa. Amejua kwamba nilitia sahihi Kinshasa. Anasema mama aliuawa na sindano, na mtoto amepofushwa na sindano, na mwiko kwa Sofia sasa hauna siku arobaini wala mwisho. Alhamisi iliyopita, tarehe 2 Mei, kifafa kilimrudia, kwa sababu ya kovu lililoachwa na lile doa kichwani. Tulikuwa uani. Tulimkimbiza kwa Daktari Fadhili naye akataka kumchoma dawa ya kukisimamisha, na Soudi akaweka tena mkono wake kwenye mlango. Kilidumu dakika kumi na moja. Kiliisha chenyewe. Fadhili aliniambia pembeni kwamba kingine kama hicho kikidumu zaidi, Sofia hatakuwa na picha ya tatu. Ijumaa ijayo, tarehe 10, Soudi ameita baraza la ukoo ili mwiko uthibitishwe na mimi nihukumiwe.

Sasa nimefika mahali ambapo ningependa kalamu iishiwe wino.

Nitanakili daftari la mwaka 2002 kama lilivyo.

“Jumatatu 9 Septemba. Mwanahamisi anaumwa kichwa tangu jana, anaona cheche. Amesema: vuka uende Alunguli, umwite Claudine, alisema nimwite nikiona hivi. Nimefika bandarini saa nne. Askari wamekusanya mitumbwi, risasi zinalia ng'ambo. Nimejificha nyuma ya mabehewa hadi saa sita. Mtumbwi mmoja ulivuka na wanawake watatu, waliniita, sikupanda. Nimerudi. Nimesema nimefika kwake na sikumkuta.”

“Alhamisi 12 Septemba. Alfajiri Mwanahamisi amesema haoni, giza tupu. Ameniambia mimi peke yangu. Saa mbili kifafa. Soudi amevuka mwenyewe. Claudine amefika saa tano, amechoma sindano, kifafa kimesimama. Amesema sindano ziendelee hadi kesho, dawa anazo za kutosha mkobani.”

Yaliyofuata unayajua, lakini hujui kwamba nilikuwa na haya yote kwenye karatasi. Mwanahamisi alipozinduka alasiri akalia kwamba haoni, Soudi akasema sindano imechukua macho yake. Watu wakajaa uani. Aliniuliza mbele yao kama dada yangu alikuwa anaona kabla ya sindano. Aliniuliza pia kama ni kweli nilikuita Jumatatu ukakosekana. Wewe ulisema ulikuwa nyumbani kutwa nzima ukipepeta mchele na hakuna aliyekuja. Ulinitazama mimi, yaya. Hukunitazama kwa hasira, ulikuwa unaningoja tu niseme. Nilijua nikisema alikuwa kipofu tangu alfajiri, wataniuliza kwa nini sikuwaambia, na kwa nini siku tatu zilipita bila wewe kuitwa, na itajulikana kwamba nilijificha nyuma ya mabehewa. Waliniletea msahafu. Niliweka mkono juu yake nikasema alikuwa anaona, na kwamba nilifika kwako na hukuwepo.

Walikutoa kwa mlango wa kijani. Nilisikia fimbo ikitua kwenye mkono wako. Mkobani mwako mlikuwa na sindano za siku ile na ya kesho yake, na waliutupa Lualaba pamoja na kila kilichokuwemo.

Kuna ukurasa mmoja zaidi. “Ijumaa 13 Septemba, saa tatu asubuhi. Mwanahamisi ameona mkono wangu. Amehesabu vidole, vitano. Amesema: Salama, ninaona mukono yako, umwite Claudine nimwambie. Nimemwambia alale.”

Sikumwambia mtu. Kama macho yake yamerudi, basi sindano haikuyachukua, na kiapo changu ni cha uongo. Nilijiambia anapona, atawaambia mwenyewe atakapopata nguvu. Jumamosi kifafa kilirudi. Hapakuwa na dawa mji mzima wala mtu wa kuichoma. Alikufa adhuhuri.

Mtu wa kwanza kusikia haya alikuwa Daktari Onema, siku ya picha ya pili. Aliniuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua hivi, nikamwambia yote, kwa sababu alikuwa mgeni na nilidhani maneno yatabaki Kinshasa. Aliuliza dada yangu alipata sindano ngapi. Moja. Na mkunga alikuwa nazo nyingine? Alikuwa nazo. Na alikwenda wapi? Nikasema tulimfukuza. Daktari alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Alisema macho yaliyorudi chini ya siku moja baada ya sindano ni dalili kwamba kwa dada yangu ugonjwa ulikuwa wa ile namna inayorudi nyuma na kupona.

Kwa hiyo, yaya, ule mwiko niliuzaa mimi. Kila saa katika zile ishirini na tisa ilitoka mdomoni mwangu miaka ishirini na moja kabla. Fadhili aliponigeukia na sindano mkononi, sentensi moja tu ingetosha, na niliangalia chini, kama nilivyoangalia chini mbele yako.

Juzi, siku moja baada ya kifafa, Sofia aliniuliza kama macho ya mama yake yaliwahi kurudi kabla hajafa. Nilimjibu kwamba sijui. Usingizi ulinikataa. Leo asubuhi aliponiuliza kama kuna jua au mawingu, sikumjibu. Nilimsomea kurasa zote tatu. Alisikiliza mtoto akiwa kifuani. Nilipomaliza aliuliza jambo moja: “Na ule mama wa sindano, iko muzima?” Nikasema yuko mzima, yuko Kama, ndiye aliyefunga mguu wa mume wako. Akasema: “Basi umwandikie. Umwandikie leo.” Tangu hapo hajanipa mtoto nimshike. Amempa jirani. Sidhani kwamba amekosea.

Sikuombi msamaha katika barua hii, kwa sababu ni rahisi mno kuomba ukiwa mbali. Ninakuomba kitu kingine, na najua sina haki. Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri baraza litakaa katika ua ule ule. Nitasema niliyoyaandika hapa. Soudi ataniita mwongo, atasema nimejitungia ili kujiokoa na hukumu ya ile sahihi ya Kinshasa, kwa maana yeye pia ameuegemea uongo huu miaka yote, na fimbo ile ilikuwa yake. Ukiwepo wewe na vidole vyako viwili, hataweza. Mwiko ukianguka Ijumaa, Fadhili ataweza kumgusa Sofia siku kifafa kikirudi. Usipoanguka, tutazika wa pili. Aboubakar ana pikipiki, atakuleta ukitaka, na atakurudisha siku hiyo hiyo. Usipotaka kuja, nitasema hata hivyo.

Kurasa tatu zenyewe zimo ndani ya bahasha. Ni mara ya kwanza nachana daftari. Kwangu nimebaki na nakala, ili Soudi akikasirika akachoma, achome nakala. Za asili ni zako. Waonyeshe watu wa Kama, au ziweke, au zitupe mtoni kama ulivyotupiwa mkoba wako. Mwandiko ni wangu wa miaka kumi na saba, na tarehe ziko pembeni.

Nisalimie walio karibu nawe, hata kama siwajui majina. Sofia anakusalimu. Alisema nikuandikie kwamba mtoto uliyempokea ana mtoto.

Aboubakar anaondoka kesho saa mbili asubuhi, naye anangojea Alunguli, kwa dada yake, pikipiki ikiwa upande ule. Alitaka kuvuka kuja kuichukua barua. Nimemkataza. Mto umejaa na mitumbwi inayumba, na tangu ile Jumatatu sijawahi kuvuka hata mara moja. Hata harusi za ng'ambo niliandika kwamba naumwa. Kesho nitashuka bandarini saa moja, nitapita yale mabehewa, na bahasha hii nitaivusha mwenyewe. Ukiipata mkononi, ujue nilipanda.

Mimi niliyekukosea,

Salama Idrissa